Ubao wa Bei za Dawa Sokoni Nunguni

Nilipostaafu, vijana wa ofisi ya habari walinifanyia chai na maandazi, wakaniomba niwaandikie mambo machache ya kazi kabla sijayasahau. Mmoja alitaka nieleze namna ya kuandika ripoti ya mwezi. Hiyo sitaeleza. Ripoti zangu zilikuwa mbaya, na wakubwa wangu walizivumilia kwa sababu hawakuwa wakizisoma. Nitaeleza jinsi nilivyokuja kuwa yule mama wa bei za dawa, maana ndivyo watu wa Kilungu wanavyonijua hadi leo, ingawa mimi si daktari na sijawahi kumuuzia mtu hata kidonge cha kichwa.

Jina langu ni Rael Kavata. Niliajiriwa Kitui miaka ya sabini, nikiwa msichana mwembamba mwenye sauti nene, na nadhani ni sauti iliyonipatia kazi. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino vya dada yangu, nikitarajia kuonyeshwa meza na kiti. Nikaonyeshwa gari la serikali lenye spika mbili juu ya paa. Chini ya gari kulikuwa na mtu, miguu tu ikionekana.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, mtangazaji mpya."

"Hivyo viatu ni vyako?"

"Ni vya dada yangu."

"Basi mrudishie jioni. Tunakoenda kesho ni mawe matupu."

Huyo alikuwa Mzee Nzioka, dereva, fundi wa spika, na mwalimu wangu kwa miaka mingi. Alinifundisha kufunika maikrofoni kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisiingie. Alinifundisha kuegesha gari upepo ukiwa nyuma yetu, sauti ibebwe hadi ng'ambo ya bonde. Nikipiga kelele alizima mashine. "Hawa watu si viziwi," alikuwa akisema. "Sema neno, nyamaza, waache walitafune, kisha sema lingine."

Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja. Siku moja tulitumwa kutangaza kwamba watoto wapelekwe shule fulani kuchanjwa. Badala ya kuwasha spika, Nzioka aliendesha moja kwa moja hadi shuleni, akashuka, akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, akatoka. Dawa ya chanjo haikuwa imefika. Hakuna aliyejua ilikokwama.

"Sasa tungewaita akina mama," akaniambia, "watembee na watoto mgongoni, jua hili, wakute mlango umefungwa. Siku nyingine ukiwaita hawaji. Kavata, usitangaze kitu ambacho hujakiona kwa macho yako."

Tulirudi mjini bila kutangaza neno, na tukakemewa wote wawili. Dawa ilipofika wiki iliyofuata, tulitangaza, na uwanja ukajaa. Hakuna aliyekuja kutuambia samahani, lakini ofisini hiyo ni kawaida.

Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni, niliona jambo jipya. Nikimaliza kutangaza, watu hawakuondoka. Walilizunguka gari wakiwa na karatasi za daktari mkononi. Zamani ulikuwa ukienda hospitali unapewa dawa hapo hapo dirishani. Sasa dirishani waliambiwa, "Hii haipo, kanunue nje." Huko nje kemisti zilikuwa zimeanza kuota kila soko, na kila moja ilikuwa na bei yake. Watu walinisogezea karatasi na kuniuliza, "Wewe ni wa habari. Hii inauzwa pesa ngapi?" Sikujua. Niliona aibu, maana gari letu lilikuwa limeandikwa HABARI kwa herufi kubwa ubavuni.

Jambo hilo likanigusa mwenyewe mama yangu alipoandikiwa dawa ya presha. Kemisti ya kwanza Kitui mjini ilinitajia bei ya kunifanya nishike ukuta. Nikaenda ya pili, ya Bwana Salim, mzee ambaye babu zake walitoka pwani wakafungua duka Kitui kabla mimi sijazaliwa. Bei yake haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Nikadhani ananiuzia takataka, nikamwambia hivyo, maana nilikuwa bado na sauti nene.

Salim hakukasirika. Alichukua pakiti mbili akaziweka juu ya kioo cha kaunta.

"Soma herufi kubwa."

Nikasoma. Majina mawili tofauti kabisa.

"Sasa soma herufi ndogo, hizi za chini."

Nikainama. Jina lilikuwa moja, na nguvu ya kidonge ilikuwa moja.

"Hilo kubwa ni jina alilolibuni mwenye kiwanda," Salim akasema. "Hilo dogo ni jina la dawa yenyewe. Wewe mwanangu unalipia lipi?"

"Mbona hamtuambii haya?"

"Mbona hamtuulizi?"

Nilitoka nimekasirika. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba jibu lake lilikuwa la haki, na kwamba kama kazi yangu ni habari, basi hii ndiyo habari. Kesho yake nilirudi kwa Salim, nikamwomba anifundishe. Alinifundisha kati ya wateja, mwaka mzima, bila kudai chochote zaidi ya kwamba nisimkatize akienda kuswali.

Kutoka hapo nikaomba ruhusa ya kuweka ubao mweusi wa bei za dawa nje ya ofisi. Mkubwa wangu alifikiri kidogo, akasema, "Weka, lakini mtu akidhurika usitaje ofisi." Niliichukua hiyo kama ruhusa.

Ninyi mnaokuja nyuma yangu, kazi ya ubao ni rahisi kuiharibu. Bei mbili hazilinganishwi mpaka uhakikishe ni dawa ile ile, nguvu ile ile, na idadi ile ile. Kemisti moja inauza kwa pakiti, nyingine kwa kipande, kwa hiyo mimi niliandika bei ya kidonge kimoja, na hapo ndipo watu walipoanza kuelewa. Kila bei niliiendea dukani mwenyewe kabla ya siku ya soko, nikaiona pakiti na tarehe ya kuharibika. Sikuandika bei ya kuambiwa. Na juu kabisa ya ubao niliandika kwa chaki nyekundu: USIBADILISHE DAWA KABLA YA KUMUULIZA DAKTARI. Mzee mmoja kutoka vijijini alienda kwa Salim akauliza bei ya ile dawa ya kwanza ubaoni, ile nyekundu yenye jina refu.

Nzioka alikuwa amestaafu kufikia wakati huo. Alikuja kuuona ubao, akausoma kutoka juu hadi chini, akauliza, "Umeziona zote?" Nikamwambia zote. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kununua mbegu za pojo. Nilifurahi kuliko kama ningepewa barua ya sifa.

Miaka ya tisini, Makueni ilipofanywa wilaya, nikahamishwa. Nilitoka kwenye joto la Kitui nikapelekwa Nunguni, huko juu kwenye milima ya Kilungu, ambako ukungu unaingia hadi ndani ya mfuko wa koti. Chaki haikutaka kuandika. Fundi mmoja wa mbao aliniwekea paa dogo la mabati juu ya ubao, karibu na wanaouza maparachichi na kabichi, akakataa malipo kwa sababu mke wake alikuwa na pumu. Kemisti zilikuwa chache. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bwana Musyoki, shemasi wa kanisa, mtu nadhifu, koti jeupe limepigwa pasi. Niliandika bei zake, na bei za kemisti moja ndogo iliyokuwa chini kwenye njia panda ya barabara ya Mombasa.

Siku moja ya soko alikuja mama mmoja na binti yake. Nilimwona mama kabla hajafika, kwa jinsi alivyokuwa akitembea: amemshika binti kiwiko, na macho hayamtoki. Binti alikuwa mkubwa, wa kutosha kubeba mtungi peke yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji.

"Mwaitu, karibu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama yeyote kwetu. "Mtoto ameumia?"

"Ameangukia moto. Naitwa Mama Ndinda. Ndinda ndiye huyu."

Nikamwuliza kama alijikwaa. Akasita, akaangalia wauza kabichi, akashusha sauti.

"Ni kifafa. Hospitali walimpa dawa, na ikamsaidia, mwaka mzima hakuanguka. Halafu ikawa ni ya kununua. Kwa Bwana Musyoki, dawa ya mwezi ni kama kuuza mbuzi. Mbuzi wameisha. Nikaanza kumpa leo, kesho namruka."

Ndinda alikuwa anaangalia ardhi. "Nilikuwa napika ugali," akasema. "Sikumbuki mengine."

Nikaomba kuiona pakiti. Nikasoma herufi kubwa, kisha ndogo. Jina lile dogo lilikuwa ubaoni, nyuma ya mgongo wangu, kwenye bei za ile kemisti ya njia panda. Bei yake ilikuwa kama ya kuku, na kuku mwenyewe si wa kunona.

Nawaambia ukweli, ulimi uliniwasha kumwambia akimbie akanunue. Sikumwambia. Kifafa si kichwa kuuma. Niliwachukua wote wawili, tukateremka hadi hospitali, tukamngoja daktari. Aliisoma pakiti, akamsikiliza mama, akamkemea kwa kuruka siku, kisha akauliza kwa nini aliruka, akaambiwa. Akaandika karatasi mpya kwa jina la dawa yenyewe.

"Ni dawa ile ile," akasema. "Lakini ukianza hii ya kiwanda hiki, kaa na hiyo hiyo. Usiwe unarukaruka kutoka hii kwenda ile. Na usiache hata siku moja. Kuacha ghafla ndiko kutamwangusha."

Wakanunua kule njia panda. Mama Ndinda hakutaka kuondoka kaunta mpaka mwenye duka amwonyeshe zile herufi ndogo. Aliposhika ile pakiti aliifunga kwenye kona ya leso yake, akafunga fundo mara mbili.

Wiki chache hazikupita, habari zikaenea kwenye kwaya za akina mama, na kwaya zinasambaza habari kuliko spika zangu. Watu wakaanza kuteremka njia panda na karatasi zao. Bwana Musyoki akanijia ubaoni nikiwa na chaki mkononi. Koti lake jeupe lilikuwa safi kama kawaida.

"Madam, umenifungia duka."

"Bwana Musyoki, mimi nimeandika bei uliyonitajia mwenyewe."

"Umenunuliwa. Kila mtu anajua wewe na wale wa chini ni kitu kimoja."

Nilimwambia aniletee mtu mmoja aliyeniona nikipokea hata soda. Alienda kwa D.O., mkuu wa tarafa.

Baraza likaitwa. Musyoki alisimama mbele ya watu na pakiti yake mkononi akasema, kwa sauti ya upole ya shemasi, kwamba yeye anauza dawa halisi, na kwamba ile ya bei rahisi ya njia panda ni bandia. "Huyu mama wa habari anawapeleka watoto wenu kula chokaa," akasema.

Watu wakanung'unika. D.O. akanigeukia. "Unaweza kuniambia hapa mbele ya watu kwamba hiyo dawa si bandia?"

Nilikuwa nimeiona pakiti. Nilikuwa nimeiona tarehe. Ndani ya kidonge sikuwa nimeona, na hakuna jicho la mtangazaji linaloweza kuona huko.

"Siwezi, bwana D.O.," nikasema. "Anayeweza ni mfamasia wa hospitali. Naomba aulizwe."

"Mpaka aulizwe, futa."

Nikaenda nikaufuta ubao mbele ya baraza zima. Nilipogeuka, Mama Ndinda alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika lile fundo la leso.

"Mama Kavata, ni chokaa?"

"Sijui, Mwaitu. Sidhani. Lakini sijui."

"Jioni nimpe au nisimpe?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sijaulizwa swali zito kuliko hilo. "Daktari alikuambiaje?" nikamwuliza.

"Alisema nisiache hata siku moja."

"Basi fuata neno la daktari. Tangu uanze hii, ameanguka?"

Akafikiri. "Hajaanguka."

"Mpe. Mimi kesho naenda."

Nilichukua pakiti moja kwa Musyoki, aliyeniuzia bila kuniangalia, na nyingine njia panda, nikazipeleka hospitali ya wilaya kwa mfamasia, Bwana Mutiso. Nilitarajia aniambie nije mwezi ujao. Alivua miwani, akavaa nyingine, akazikagua pakiti zote mbili. Akatazama namba za kusajiliwa, akafungua vitabu vyake vya kazi, akapiga simu Nairobi, laini ikakatika, akapiga tena. Nilikaa kwenye benchi nikiomba Mungu kimyakimya, kwa Kikamba, maana kwa Kiswahili sijui kuomba vizuri.

"Zote mbili zimesajiliwa," akasema mwisho. "Ni dawa moja, nguvu moja. Hii ya bei rahisi ndiyo hiyo hiyo tunayoletewa sisi hapa serikali ikituletea."

Nikamwambia asante, lakini mimi kurudi na maneno hayo hakutoshi, kwa sababu nimeshaitwa mtu wa kununuliwa.

"Siku ya soko ni lini?" akauliza.

Akaja mwenyewe. Sikutegemea. Alipanda juu ya gari letu, akashika maikrofoni kama mtu anayeshika nyoka, akaeleza. Nilimsikia akienda mbio, nikamgusa mguu nikamwambia, "Sema neno, nyamaza." Akatulia. Akawaambia watu kwamba dawa ya Musyoki ni nzuri na ya njia panda ni nzuri, kwamba dawa bandia zipo duniani na ndiyo maana mtu anunue kwenye kemisti yenye cheti cha serikali ukutani, si kwa mchuuzi mwenye mkoba. D.O. alikuwa amesimama chini ya mwavuli. Mutiso alipomaliza, D.O. alinitazama, akaonyesha ubao kwa kidevu. Nikaanza kuandika upya.

Mama Ndinda aliketi chini hapo hapo kwenye nyasi zenye umande, akalia, na akina mama wenzake wakamzunguka.

Sasa nisikilizeni kuhusu Musyoki, kwa sababu wengi walitaka nimalizie hadithi hapo. Jioni hiyo soko likivunjika aliniita dukani. Nilienda nimejiandaa kwa vita. Akanipitisha nyuma ya kaunta, akanionyesha maboksi yake.

"Madam, niambie ukweli. Yule wa njia panda anauzaje kwa bei hiyo na bado anakula?"

"Wewe unanunua kwa nani?"

Akanieleza. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akija na gari kutoka mjini, mwenye tai na maneno matamu, akimletea dawa hadi mlangoni. Musyoki alinitajia bei anayomlipa. Ilikuwa juu kuliko ile ambayo mwenzake wa njia panda alikuwa akiwauzia wateja.

Nikaketi juu ya boksi. "Bwana Musyoki, wewe ndiye uliyekuwa unaibiwa."

"Na mimi nikawa nawapitishia watu," akasema. Alivua lile koti jeupe akalikunja magotini. "Yule mtoto wa Mama Ndinda, mkono wake umepona?"

Nilimwambia unapona. Kisha nikampigia simu Salim kule Kitui, nikamweleza kuna mwenzake anataka kujua mahali pa kununua dawa kwa bei ya jumla.

"Ni mtu wa namna gani?" Salim akauliza.

"Ni shemasi. Amesema mbele ya D.O. kwamba nawalisha watoto chokaa."

Salim akacheka hadi akakohoa. "Basi ana uchungu na kazi yake. Mlete. Ila asije Ijumaa."

Musyoki akaenda, akaonyeshwa njia. Bei zake ziliposhuka alinijia na kuniomba chaki, akaiandika bei ya ile dawa ya kifafa kwa mkono wake, mwandiko mzuri kuliko wangu. Yeye na Salim wakawa wanatumiana salamu za Idi na za Krismasi, na Salim alipofiwa na mke wake, Musyoki alisafiri hadi Kitui kumzika, akakaa mkekani na waombolezaji siku nzima.

Ninashukuru kwa watu hao wote. Ninamshukuru hata D.O. kwa kunifutisha ubao, kwa sababu ulipoandikwa tena watu waliuamini zaidi. Ofisi haikunifundisha kazi hii. Nilifundishwa na dereva, na muuza dawa, na mfamasia aliyeogopa maikrofoni.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilipanda Kilungu kuaga. Mama Ndinda alisikia, akaniita kwake kwa chakula. Tuliketi nje kwenye viti, tukamenya machungwa, tukazungumza habari za mvua na za kanisa. Jikoni, Ndinda alikuwa akikaanga chapati peke yake. Nilikuwa nasikia mafuta yakichachatika na yeye akiimba, na moshi ukitoka mlangoni. Nikageuka kuangalia, sikuweza kujizuia. Mama yake aliendelea kumenya chungwa, akiniuliza nitalima nini nikifika nyumbani, na mgongo wake wote ulikuwa umeelekea jikoni.